Ulisikia Nini Jikoni

Minabe, 2 Juni 1986

Mdogo wangu Nobumasa,

Natumaini barua hii inawakuta wazima huko kwenye ukungu wenu, wewe na Chiyoe na binti yenu. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo. Plamu zimeanza kudondoka. Nyavu zimetandikwa chini ya miti, na tangu asubuhi nainama na kuinuka mpaka nahisi nitabaki nimepinda hivyo hivyo. Mwaka huu nitazitia chumvi mapipa manne. Moja ni lenu, kama utakumbuka kuniambia limefika, maana la mwaka jana hukusema neno.

Sasa lililonikalisha chini. Tumeaibika, Nobumasa. Jumapili ya tarehe 25 wanafunzi wetu watatu walikwenda Osaka kutahiniwa daraja la aikido. Mmoja ni Oribe, yule fundi baiskeli wa karibu na stesheni. Wote watatu waliingia dojo yetu, ukumbi wa mazoezi wa Baba, katika miaka miwili ya mwisho ya uhai wake. Mtahini akataja mbinu ya ikkyo. Oribe akafanya kotegaeshi, safi kabisa, tena kwa kujiamini. Akatajiwa shihonage mwenzake, akafanya iriminage. Wa tatu alikosea kwa namna yake. Hata kukosea hawakukosea sawa. Mtahini akawasimamisha, akawauliza mbele ya ukumbi mzima mwalimu wao ni nani. Wakalitaja jina la Baba.

Nimelala na jambo hili wiki nzima na kila nikiligeuza namwona Hirukawa. Ndiye mwanafunzi mkuu, ndiye aliyewashika hao wapya kila Alhamisi. Na kuna jambo lingine. Tangu Baba atutoke, Hirukawa akifundisha hataji jina la mbinu hata moja. Anaonyesha, anasema "hii," kisha "sasa hii." Mtu wa miaka ishirini na mitatu mkekani! Ama hayajui, ama anayaficha. Tena kabla ya mtihani alinijia akaniomba nisigonge muhuri kwenye fomu zao, eti wangoje mwaka mmoja. Sababu hakutoa. Nilidhani ni wivu, nikagonga.

Wewe unajua mkeka sijaukanyaga tangu nina miaka kumi na minane, lakini ukuta wa jikoni ni mbao tupu. Miaka yote hii namenya figili huku nasikiliza. Baba anataja jina, mtu anaanguka. Kotegaeshi ni kishindo kimoja: mtu anapinduka hewani, mkono unaupiga mkeka kofi. Ikkyo haina kishindo. Mtu analazwa kifudifudi taratibu, kisha anagonga mkeka mara mbili kusema basi. Kwa hiyo najua Baba alifundisha sawasawa mpaka wiki ya mwisho. Aliyewapotosha watoto wa watu ni mwingine.

Mwezi wa kumi na moja tunatimiza mwaka wa Baba. Sitaki siku hiyo ifike jina la Hirukawa likiwa la kwanza kwenye ubao wa majina ukutani. Dojo ni yetu sote wawili, nataka neno lako. Baba aliwahi kukwambia chochote kuhusu mtu huyu?

Dada yako,
Setsuyo

Kushiro, 11 Julai 1986

Dada,

Nisamehe kuchelewa. Mashine ya baridi ya ghala kubwa iliharibika msimu wa samaki ukiwa umeiva, nikawa nalala na spana. Chiyoe anakusalimu. Binti amejiunga na kikundi cha kupiga filimbi shuleni, na majirani wameanza kutusalimia kwa ufupi. Pipa la mwaka jana lilifika. Plamu zilikuwa na chumvi ya kuua ng'ombe, kama za Mama. Tulizimaliza.

Kuhusu Hirukawa, mwache. Alikuwa mtengeneza mikeka mwaminifu nilipokuwa hapo, na sidhani kama mtu anaharibika uzeeni namna hiyo. Kufeli mtihani si msiba, watarudia.

Baba hakuwahi kuniambia kitu. Unajua tulivyoishi, mimi na yeye.

Nikuulize kitu kidogo tu. Unasema ulikuwa ukisikiliza kutoka jikoni. Miaka hiyo miwili ya mwisho, siku za Jumatatu Baba alipofundisha mwenyewe, nani alikuwa akisimama mbele yake kumshambulia na kuangushwa? Na wewe ulisikia nini hasa?

Kibao changu cha jina kwenye huo ubao nadhani Baba alishakitia kwenye moto wa kuchemshia maji ya kuoga. Wala sidai.

Nobumasa

Minabe, 24 Julai 1986

Nobumasa,

Joto limetuangukia na nyenje hawanyamazi. Plamu zimeanikwa juani siku ya pili leo, nazigeuza moja moja. Jirani yetu mwenye bustani ya juu amevunjika kifundo cha mguu, na mkewe anasema ni mara ya kwanza kumwona mchana nyumbani tangu waoane. Mimi sijambo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mtu aliyeondoka hapa miaka kumi na tisa iliyopita anamtetea mtu asiyemwona! Ulipokuja kumuaga Baba ulikaa siku mbili, dojo hukutia mguu, na Hirukawa alipokuja kukupa pole uligeuka ukajifanya unatafuta viatu. Nilikuona. Nikasema ni huzuni. Sasa sijui ilikuwa nini.

Unauliza nani alikuwa akiangushwa. Hirukawa, nani mwingine? Miaka miwili Baba hakumwita mtu mwingine mbele. Hata wengine walinung'unika.

Sasa nisikilize. Jumatatu ya wiki iliyopita nilikuwa nafuta vumbi rafu za viatu vya dojo, nikakuta daftari la Hirukawa nyuma ya ndoo. Limeandikwa tarehe, kisha jina la mbinu, kisha mshale, kisha jina lingine. "Tarehe 14 Mei, ikkyo, kotegaeshi. Oribe." "Tarehe 21 Mei, shihonage, iriminage." Kurasa na kurasa, Nobumasa, mwaka mzima na nusu. Mtu amekaa akapanga jinsi ya kuvuruga majina, akaandika na nani amvuruge kwa lipi. Nilikaa chini palepale kwenye sakafu. Daftari nimelifungia kabatini, na yeye hajaniuliza, ingawa Alhamisi nilimwona anatazama nyuma ya ndoo.

Si hilo tu. Jana dukani nimekutana na mke wake. Katika mazungumzo ya joto na bei ya matango ananiuliza, "Na mdogo wako wa Kushiro, zile barua mbili za mume wangu alizipata kweli? Maana hakujibu." Mimi nikatabasamu kama ninayejua.

Barua zipi? Za lini? Nyinyi wawili mna nini? Kama mmepanga kuninyang'anya dojo, mniambie usoni. Nina miaka arobaini na tisa, nimemtunza Baba peke yangu mpaka nikamfumba macho, sistahili kuzungukwa.

Nijibu upesi.

Setsuyo

Minabe, 30 Agosti 1986

Nobumasa,

Afya yangu nzuri. Sikukuu ya wafu imepita. Niliwasha taa ya Baba na ya Mama peke yangu, nikaweka biringanya na matango, nikasema kwa sauti kwamba mtoto wao wa kiume ana kazi nyingi za samaki. Wiki tano na barua yako sijaiona. Nimeshaelewa kwamba hutajibu, nami sikungoja.

Alhamisi ya tarehe 28, kabla ya mazoezi, nilipanda kiti nikakitoa kibao cha Hirukawa ukutani. Kilikuwa kimekaa miaka mingi mpaka mbao nyuma yake imebaki nyeupe. Akaja saa kumi na mbili na nusu kama kawaida. Akainama mlangoni kwa heshima. Akatazama ubao, akaona lile pengo la kwanza. Mimi nimesimama pembeni nimefunga mikono, nangoja aniulize kwa nini, nimeshapanga kila neno.

Yeye alichukua ufagio akafagia mkeka wote, kona kwa kona, wanafunzi wakimtazama. Akaikunja hakama yake, ile suruali pana ya mazoezi, mikunjo yote bila haraka. Akanipigia magoti akainama mpaka paji likagusa mkeka. "Asante kwa kunitunza miaka yote hii, Bi Setsuyo," akasema, akaenda zake.

Mtu asiye na kosa angepiga kelele, sivyo? Niambie ndivyo.

Setsuyo

Kushiro, 9 Septemba 1986

Dada,

Sina salamu ndefu leo. Tuko wazima, na huku baridi imeanza kunukia. Barua hii nimeiandika mara tatu tangu Julai na mara tatu nimeichana. Ilipofika yako ya kibao Chiyoe aliisoma kabla yangu, akaniwekea kalamu mezani, akaenda kulala.

Hirukawa aliniandikia Oktoba mwaka wa 1984, na tena Februari iliyofuata. Ninazo hapa. Ya kwanza ni fupi, nakunakilia yote:

"Mwalimu anachanganya majina ya mbinu. Mikono yake haijachanganya kitu. Anasema ikkyo, mkono unafanya kotegaeshi, na mwenyewe hajui. Mimi ni mwanafunzi, siwezi kumwambia. Bi Setsuyo amechoka na sijui kama anajua. Wewe ni mwanawe. Tafadhali njoo."

Basi. Hakuomba dojo. Aliomba mtoto wa mtu aje.

Fikiri, dada, ilikuwaje. Baba mbele ya darasa anataja jina, kisha mkono wake unakwenda kwingine. Anayeshambulia akilishika jina atabaki amesimama kama mlingoti, na kila mtu ataona mzee amepotea. Hirukawa aliliacha jina akaufuata mkono. Miaka miwili aliangushwa kwa kitu ambacho hakikutajwa, bila kujua kinatoka wapi, ana miaka hamsini na magoti yake mabovu. Ndiyo maana Baba hakuita mwingine. Sijui kama Baba alijua. Nadhani mwili wake ulijua. Wale wanafunzi wapya walisikia jina, wakaona mbinu, wakavishona pamoja. Na daftari ulilolifungia, kama ni lile ninalodhani, ni orodha ya nani alifunzwa jina lipi kimakosa. Katika barua ya pili anasema analiandika tangu Mei, ili siku moja amrekebishie kila mtu lake.

Unataka kujua kwa nini sikujibu. Nilifurahi. Ielewe hivyo hivyo, usinipambie. Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, mbele ya wageni kutoka Kyoto, Baba aliniambia nitaje mbinu niliyoangushwa nayo, nikakosea jina. Akanikalisha juu ya visigino vyangu katikati ya mkeka saa mbili nzima, darasa likinizunguka, mpaka nikashindwa kuinuka na Hirukawa akanibeba. Asubuhi yake nilipanda treni. Sasa leo naambiwa Baba mwenyewe hajui ikkyo. Nilicheka peke yangu jikoni, dada. Kisha nikaziweka barua kwenye droo, na kila siku niliyosema nitajibu kesho ikawa ngumu kuliko jana yake. Alipokufa nikashindwa kumtazama Hirukawa usoni. Viatu vyangu nilikuwa nimeshavivaa.

Kibao chake kirudishe. Kama unataka neno langu juu ya dojo, ndilo hilo.

Ila nilikuuliza swali Julai ukalipita kando. Wewe unayejua kila mbinu kwa mlio wake, uliyekuwa nyuma ya ukuta wa mbao kila Jumatatu. Ulisikia nini jikoni?

Nobumasa

Minabe, 25 Novemba 1986

Mdogo wangu,

Nami nilikaa kimya, miezi miwili na zaidi, sasa tuko sawa. Natumaini mko wazima na filimbi inaendelea. Hapa machungwa yameiva, nakutumia sanduku. Mwaka wa Baba tuliutimiza Jumapili ya tarehe 16. Tulikungoja mpaka treni ya saa nne.

Nakujibu. Nilisikia.

Mara ya kwanza ilikuwa mwanzo wa mwaka wa 1984, theluji kidogo imeanguka. Baba akasema ikkyo, kwa sauti yake ile ile. Nikangoja kugongwa mara mbili. Kikaja kishindo. Kisu kilisimama katikati ya figili. Nikajiambia nimesikia vibaya. Wiki iliyofuata vikaja viwili, baadaye sikuhesabu. Nilinunua redio, ile nyekundu uliyoiona juu ya jokofu ukaniuliza tangu lini napenda nyimbo. Kila Jumatatu niliiwasha mpaka mwisho. Na mezani Baba alikuwa ananiita kwa jina la Mama, nami naitika. Namwekea chai, naitika. Nilimuuguza mtu miaka miwili bila kukubali kwamba anaumwa. Muhuri kwenye zile fomu niligonga kwa mkono huu, nikijua. Nilihitaji awepo mwovu, na Hirukawa alikuwa karibu.

Mwezi wa kumi nilikwenda karakana kwake. Nilikifunga kibao kwa kitambaa pamoja na daftari na dumu la plamu, nikapita mlangoni mara tatu kabla ya kuingia. Alikuwa anashona ukingo wa mkeka, anaukaza uzi kwa kiwiko. Nilimwomba radhi nikiwa sakafuni kwenye mabua. Hakuonyesha kushangaa, wala kufurahi. Nilimuuliza alivumiliaje kuanguka bure miaka miwili.

"Sikuanguka bure, Bi Setsuyo," akasema. "Alinirusha kila mara. Lililopotea lilikuwa jina tu."

Nikamwomba arudi awafundishe majina. Akakata uzi, akaniambia yeye akiyataja sawa amemuumbua Mwalimu, na akiyataja alivyoyataja Mwalimu amewadanganya watu, ndiyo maana anasema "hii." Kama kuna wa kusema, ni watoto wake. Na watoto wake, Nobumasa, siku ile nilikuwa mimi peke yangu.

Basi tarehe 16, mtawa alipomaliza kusoma na chakula kimeshaandaliwa, nilisimama. Bia ilikuwa imeshamiminwa. Nikawaambia baba yangu miaka miwili ya mwisho alisahau majina ya mbinu, nikawaambia ni nani aliyemfichia, na kwamba waliofeli walifelishwa na muhuri wangu. Oribe akauliza polepole kama basi Mwalimu alimsahau na yeye. Nikamwambia mimi aliniita Mama mpaka siku ya mwisho, yeye angalau aliitwa Oribe. Akacheka, kisha akajifuta uso kwa ile taulo ya kunawia mikono, na wengine nao.

Jana ilikuwa Jumatatu. Redio sikuiwasha. Nilisogeza ubao wangu wa kukatia karibu na ukuta. Hirukawa akamwita Oribe mbele. Nikadhani atasema "hii." Akasema ikkyo. Nikangoja na kisu mkononi. Mkono ukagonga mkeka mara mbili. Nililia juu ya figili, na jioni nikaila hivyo hivyo.

Kibao chake kimerudi pale pa kwanza. Nilimpa akakitundika mwenyewe.

Na chako hakikuchomwa moto. Kipo safu ya tatu, Baba alikigeuza kikautazama ukuta siku uliyopanda treni, na kila mwisho wa mwaka tukisafisha alikifuta vumbi upande ule ule wa nyuma. Wengi wameniambia nikigeuze, mwaka umeshatimia. Mimi vibao vya watu sivigusi tena. Njoo ukigeuze mwenyewe.

Dada yako,
Setsuyo